Nimempima mtoto choo mara tatu, majibu matatu tofauti, niamini lipi?

Dada mmoja wa Mwambani, Tanga mjini, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Binti yangu ana miaka 7, mwezi wa pili huu tumbo linamsumbua, anaharisha siku mbili tatu linakata afu linarudi, akicheua harufu kama yai viza, na amepauka. Zahanati walipima choo wakasema amiba, akapewa Flagyl. Siku ya nne ya dawa bado anaharisha nikampeleka maabara nyingine, wakaandika hakuna kilichoonekana. Wiki tatu baadae hospitali wakasema safura, na damu ni 9.2. Mume wangu anasema wote waongo, ninunue dawa ya minyoo dukani yaishe. Mama mkwe anasema ni chango tu, nitafute dawa ya miti. Huyu mama mkwe tunaishi nae, ana pumu, anatumia predinisoloni mwaka wa pili sasa, na yeye tumbo halimpi raha ila hataki kupima. Sasa niamini karatasi ipi?"

Marahaba dada yangu. Kwanza nikwambie mie sio daktari wa kukuandikia dawa, mie ni mtu wa maabara, miaka mingi nimeikalia hiyo hadubini nikitazama vyoo vya watu, kwaiyo ntajibu ninachokijua na dawa utaongea na daktari ukiwa na karatasi mkononi.

Karatasi zote tatu zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Najua mumeo hapo atacheka. Ila shida ni kwamba watu tunakisikia kipimo cha choo tunakifananisha na kile cha malaria cha haraka, unatoboa kidole unasubiri mstari, upo au haupo. Choo hakiko hivyo. Chini ya hilo jina moja "kupima choo" kuna vipimo kama sita saba tofauti, kila kimoja kinaona vitu vyake na kinapofuka macho kwa vingine, na sehemu nyingi ukiandikiwa tu "choo" bila maelezo utapata kile kimoja cha bei rahisi kuliko vyote.

Tuanze na karatasi ya pili, ile ya "hakuna kilichoonekana", maana ndio nyepesi. Kile kipimo cha kawaida, mtaalamu anachukua choo kidogo kwa kijiti, kama kichwa cha njiti ya kiberiti au chini ya hapo, anakikoroga kwenye tone la maji ya chumvi, upande wa pili tone la iodini, anafunika na kioo anatazama. Choo kinachobaki chini ya kile kioo ni kama miligramu 2. Sasa piga hesabu na mie. Tuseme mtoto ana mayai ya minyoo 100 kwenye kila gramu ya choo, hayo si mengi lakini yapo. Gramu moja ni miligramu 1,000, kwaiyo kwenye miligramu 2 unategemea yai 0.2, yani inabidi utengeneze slaidi tano ndio kwa wastani upate yai moja. Slaidi nne kati ya tano zinarudi tupu na mtaalamu hajakosea kitu, katazama vizuri kabisa, yai halikuwepo kwenye kale katone. Ni sawa na sufuria la pilau la shughuli ambalo mpishi katia punje chache za hiliki, wewe ukaonja ncha ya kijiko ukatangaza hakuna hiliki humu.

Kuna njia za kuchota zaidi. Ile ya kukusanya, choo cha kama gramu moja kinachujwa, kinachanganywa na formalini na etha, kinazungushwa kwenye mashine, mafuta na makapi yanapanda juu na mayai yanazama chini, wewe unatazama kile kilichotuama. Na kuna ile inaitwa Kato-Katz, Wajapani waliianza mwaka 1954 na Mbrazili Katz na wenzake wakaiweka sawa mwaka 1972, choo kinapitishwa kwenye chekecheke kinajazwa kwenye kitundu kinachobeba miligramu 41.7 kamili, kinafunikwa na selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini, choo kinakuwa angavu mayai yanaonekana unayahesabu moja moja afu unazidisha mara 24 kupata mayai kwa gramu. Yule mtoto wetu wa mayai 100, kwenye Kato-Katz ungeona kama manne hivi. Mtoto yuleyule, choo kilekile. Ila hiyo nayo ina shida zake, choo cha maji maji huwezi kukitumia, na haikuonyeshi amiba wala giadia, vile vidudu vya chembe moja ambavyo sio minyoo, hata kidogo.

Afu karatasi yako ya pili ina tatizo jingine kubwa kuliko hesabu, mtoto alikuwa siku ya nne ya Flagyl. Dada, ukimpima mtu choo huku anakunywa dawa inayoua hivyo vidudu unategemea uone nini? Ukishatumia dawa za aina hiyo, au antibayotiki kama tetrasaiklini, subiri kama wiki mbili ndio urudi kupima, la sivyo unalipia karatasi nyeupe. Na hujaniambia sampuli ilikaa muda gani njiani. Choo cha kuharisha kinatakiwa kitazamwe ndani ya nusu saa tangu kitoke, kwa sababu wale vidudu hai wanaotembea wanakufa na kuyeyuka, choo laini kisicho cha maji wanakuvumilia saa moja, kigumu ndio unaweza kusubiri. Sasa mtu katoa Mwambani alfajiri, kaweka kopo kwenye mkoba, kapanda bajaji, kafika foleni, kaitwa saa tano. Hapo hata ningekuwa mie ningeandika hakuna.

Haya, karatasi ya kwanza, ya amiba. Hapa nakuomba ukae vizuri maana ni jambo linalonikera miaka yote. Huku kwetu ukienda kupima na homa hukosi taifodi na UTI, ukienda na tumbo hukosi amiba. Amiba imekuwa jibu la kila tumbo. Ukweli ni kwamba yule amiba anayeleta ugonjwa, histolitika, ana ndugu yake anaitwa dispa, na vifuko vyao, yale mayai mayai yanayoitwa sisti, vinafanana hivi kwamba kwa hadubini hakuna binadamu anayeweza kuwatofautisha, hata awe na macho ya kipanga. Dispa hana madhara, anakaa tu kama mgeni asiyekula sana. Mfaransa mmoja, Émile Brumpt, alilisema hili tangu mwaka 1925 kwamba hawa ni wawili sio mmoja, wenzake hawakumtilia maanani, mpaka mwaka 1993 ndio ikakubalika rasmi baada ya watu kuchunguza vinasaba. Fikiria miaka yote hiyo watu wamekunywa dawa kwa ajili ya dispa.

Na hapo sijasema kuhusu yule mwingine, entamiba koli, ambae sisti yake ikikomaa ina viini vinane wakati ya histolitika haizidi vinne, ukiwa na haraka na iodini imechoka unavihesabu vibaya. Na hamira za tumboni pia, zile chembe za mviringo, mtu mpya kazini anaweza kuziita sisti. Kwaiyo kwenye karatasi ya amiba mie huwa naangalia kitu kimoja, wameandika nini hasa. Kama wameandika wameona amiba hai anayetembea na ndani yake kameza chembe nyekundu za damu, hapo sawa, huyo tunamchukulia kuwa ndie muuaji, na kwa kawaida choo chenyewe kinakuwa na damu na makamasi. Kama wameandika sisti tu na choo hakina damu, basi umeambiwa kuna mtu nyumbani, hujaambiwa ni mwizi. Cha kuwatenganisha ni kipimo cha antijeni, kile kinachonasa vipande vya kidudu chenyewe, kinachotaja histolitika kwa jina, au PCR, kinachosoma vinasaba, na hivyo havipo kila mahali.

Wewe kwenye maelezo yako hukutaja damu kwenye choo. Ulichotaja ni kuharisha kunakokuja na kuondoka, na kucheua harufu ya yai viza. Mie nikisikia hiyo sifikirii amiba, nafikiria giadia. Sikwambii ndie, nakwambia ndie wa kutafutwa. Mtoto wa umri huo, maji ya kisima au ya madumu, tumbo kujaa gesi, choo kinanuka kupita kawaida na wakati mwingine kina mafuta mafuta kinaelea. Giadia ni kadudu kazuri kweli kukatazama, kana macho mawili kama kauso kanakukodolea, kakitembea kanayumba kama jani linaanguka kutoka mtini. Yule Mholanzi Leeuwenhoek aliyetengeneza hadubini zake mwenyewe, mwaka 1681 alikuwa anaharisha akaamua atazame choo chake mwenyewe, na kwa maelezo aliyoyaacha watu wanaamini aliyemwona ndie huyu.

Ubaya wa giadia ni tabia yake ya Kitanga, waja leo waondoka leo. Hatoki kwenye choo kila siku. Leo sisti zimejaa, kesho na keshokutwa hakuna hata moja, afu zinarudi. Ndio maana sampuli moja haitoshi, zinatakiwa tatu, siku moja unapima siku moja unaruka, ziishe ndani ya siku kumi hivi. Watu wengi hawapendi kusikia hili maana ni nauli mara tatu, naelewa. Kama kuna maabara yenye kipimo cha antijeni ya giadia chukua hicho, kinapunguza safari. Na Flagyl aliyokunywa inatibu giadia pia, ila niambie ukweli, alimaliza? Ile dawa ni chungu, watoto wanaitema nusu ikiishia kwenye kanga la mama.

Sasa karatasi ya tatu, safura. Hii ndio naiamini kuliko zote, kwa sababu yai la safura likiwa bichi halina mfano wa kuchanganya sana, ganda jembamba kama limechorwa kwa penseli kali, ndani chembe nne mpaka nane zimegawanyika kama andazi limekatwa, na uwazi kati ya ganda na chembe. Na damu 9.2 inaendana nayo. Mtoto wa miaka 7 anatakiwa asipungue 11.5, kwaiyo huyo yuko chini, upungufu wa kati. Safura wanang'ata ukuta wa utumbo wananyonya, aina moja mnyoo mmoja ananyonya kama mililita 0.03 kwa siku, aina nyingine kama 0.15 au zaidi, peke yake ni upuuzi lakini wakiwa mia mbili kwa miezi sita mtoto anapauka viganja mbele ya macho yako.

Ila usiwaachie hapo hospitali. Waulize mayai yalikuwa mangapi. Chini ya 2,000 kwa gramu tunaita maambukizi mepesi, 4,000 na kwenda juu ni mazito. Kama ni mepesi sana, damu 9.2 haielezwi na safura peke yake, tafuta na malaria, tafuta na selimundu kama hajawahi kupimwa, uliza anakula nini. Mtoto wa pwani anaweza kuwa na vitu vitatu kwa mpigo na kila kimoja kikamvuta chini kidogo.

Kwa nini safura haikuonekana mwanzo? Kwanza ile hesabu ya hiliki. Pili, safura anaingia kwa mguu mtupu kwenye mchanga, na huu mchanga wetu wa pwani wenye kivuli cha minazi na unyevu ndio anaupenda, mpaka akue aanze kutaga inapita kama wiki tano au zaidi. Kama binti alikwenda likizo shamba afu akaanza kuumwa, wiki za mwanzo mnyoo yupo tumboni na choo hakina hata yai moja. Hakuna hadubini inayoona yai ambalo halijatagwa. Minyoo mikubwa ile ya mviringo ndio hivyo hivyo, miezi miwili mitatu, ila wale wakianza kutaga jike mmoja anatoa mayai kama 200,000 kwa siku, hapo hata kipofu anaona.

Kuhusu mumeo na dawa ya dukani, hajakosea sana. Albendazoli moja kwa safura inafanya kazi nzuri, kuliko mebendazoli ya dozi moja. Kosa ni kudhani "dawa ya minyoo" inamaliza kila kitu tumboni. Kwa minyoo mjeledi dozi moja ni dhaifu, kwa kichocho haigusi, na kwa jambo la mama mkwe wako ntakalolisema mwisho dozi moja haitegemewi kabisa. Akishakunywa, rudia choo baada ya wiki mbili mpaka tatu, usikimbilie siku ya tatu. Na damu haipandi kwa kufukuza minyoo tu, atahitaji madini ya chuma, hilo daktari atapanga.

Mama mkwe na chango. Wazee wetu wa pwani neno chango linabeba mengi, minyoo yenyewe, msokoto wa tumbo, mpaka matatizo ya kina mama. Simbishii mzee. Ila chango la minyoo lina mayai, tukiyatazama tunayaona, kwaiyo mwambie tunalitafuta chango lenyewe kwa jina lake.

Kitu cha haraka, mkojo. Kichocho kinachosumbua ukanda wetu huu wa Tanga ni kile cha mkojo, sio cha choo, cha choo wenyewe ni hasa wenzetu wa Ziwa Victoria. Yani unaweza kupima choo mwaka mzima na kichocho kiko kwenye kibofu kinakucheka. Kama binti anaoga kwenye mabwawa au vijito, mpime mkojo, ukusanywe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana maana ndio muda mayai yanatoka kwa wingi, arukeruke kidogo kwanza, na yale matone ya mwisho yasimwagwe, ndio yenye mali. Na kama anajikuna nyuma usiku, hao ni vile vinyoo vidogo kama uzi, choo hakikuoneshi mara nyingi, kinachotakiwa ni selotepu, asubuhi mapema kabla hajachamba wala kuoga, unabandika hapo nyuma unabandua unaipeleka imebandikwa kwenye slaidi. Akishachamba tu umepoteza ushahidi.

Sasa sampuli yenyewe, maana nusu ya makosa yanaanzia nyumbani. Kopo liwe kavu, safi, lina mfuniko, wanatoa maabara. Zamani watu walileta kwenye kasha la kiberiti, na hadi leo wapo, kiberiti kinanyonya unyevu kinaua vyote. Mtoto ajisaidie kwenye poti au juu ya karatasi, usichote kwenye tundu la choo, maji ya humo yana vidudu vyake vya kujitegemea vinatembea vizuri tu vikatuchanganya. Mkojo usiingie, unaua amiba. Chukua kiasi cha tende mbili tatu, na kama kuna sehemu yenye makamasi au damu chota hapo, usichague sehemu nzuri kwa aibu, wengi wanatuletea kipande kisafi kigumu wakati ugonjwa uko kwenye kile kilichobaki. Andika saa kilipotoka juu ya kopo.

Na mwambie mtaalamu kala nini. Kuna mama kutoka Muheza msimu wa machungwa aliniletea kopo amelia njia nzima, minyoo inatoka kwa mtoto vipande vipande, kutazama ni zile nyama nyama za chungwa, vile vifuko vya maji havikusagwa. Ndizi pia inatoa nyuzi nyeusi nyeusi kama vinyoo. Maini ndio balaa zaidi, ukila maini ya ng'ombe mwenye minyoo ya maini, mayai yale yanapita tumboni mwako salama yanatoka, tunayaona, tunakuandikia ugonjwa ambao ni wa ng'ombe. Dawa yake ni kuacha maini siku kadhaa na kurudia.

Mie mwenyewe nimekosea, tena kosa linalohusu nyumba yako. Nilikuwa kijana, mwaka wa kwanza kazini, sehemu sitaitaja, ikaja sampuli niliyoikuta mezani asubuhi, nikaona vifunza, yani watoto wa minyoo, vinacheza kwenye slaidi, nikaandika kwa mbwembwe kwamba ni mnyoo mwingine anaitwa strongiloidi. Mzee wangu wa maabara akaniuliza kopo limefika saa ngapi. Kumbe lilikuwa la jana yake mchana. Mayai ya safura yakilala na joto letu hili yanaanguliwa, vinatoka vifunza vinavyofanana na vya strongiloidi, unavitenganisha kwa mdomo tu, cha safura kina koo refu, cha strongiloidi kifupi. Nikatazama tena, koo refu. Safura ya kawaida, iliyoanguliwa kwenye kopo kwa uzembe wa kulaza sampuli.

Nimekutajia huyu strongiloidi kwa makusudi. Dada, umeniandikia barua nzima ya mtoto na kwenye sentensi moja pembeni ukasema mama mkwe, bibi wa mtoto, anatumia predinisoloni mwaka wa pili na tumbo linamsumbua. Mie hiyo sentensi ndio imenifanya nijibu leo badala ya wiki ijayo.

Strongiloidi ni mnyoo mdogo sana, anaingia kwa mguu mtupu kama safura, udongo uleule. Tofauti yake na minyoo mingine karibu yote ni kwamba anaweza kuzaliana ndani kwa ndani, watoto wake wanaingia tena mwilini bila kupitia udongoni, kwaiyo mtu anaweza kuwa nae maisha yake yote. Wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa mateka wa Wajapani kwenye ujenzi wa reli ya Burma wakati wa vita ya pili ya dunia, walikuja kupimwa kwao zaidi ya miaka 30 baadae wakakutwa bado wanae, na hawakuwahi kurudi kule. Kwa hiyo bibi aliyekulia shamba peku utotoni, hata kama leo anavaa viatu na anakaa mjini, anaweza kuwa nae na asijue, anawashwa washwa, tumbo linamuuma juu juu, basi.

Mwili wenye kinga nzuri unamshika mnyoo huyu asizidi. Predinisoloni inailegeza ile kinga. Wakiachiwa wanazaliana kwa maelfu, wanatoka utumboni wanaingia mapafuni na kwingine, wanabeba na bakteria wa utumboni kuwaingiza kwenye damu, na hapo mtu anaweza kufa ndani ya siku chache huku watu wakisema pumu imemzidi. Na cha kutisha zaidi akianza kukohoa na kubanwa anaweza kuongezewa predinisoloni.

Sasa kumpima. Kipimo cha kawaida cha choo kwa huyu ni karibu na kubahatisha, maana hatoi mayai kwenye choo, anatoa vifunza, tena vichache mno, sampuli moja inakosa zaidi ya nusu ya wenye mnyoo. Unatakiwa uombe kwa jina. Kuna njia ya Baermann, choo kingi kidogo kinawekwa kwenye kitambaa juu ya faneli yenye maji ya vuguvugu, vifunza vinapenda joto vinashuka wenyewe majini, saa chache baadae unachota chini ya faneli unatazama. Kuna ya kuotesha kwenye sahani ya aga, ile jeli ya kuoteshea vidudu, unaweka choo katikati unasubiri siku mbili tatu, vifunza vikitembea vinaburuta bakteria vinaacha njia, ukifungua asubuhi unaona michirizi kama nyayo za kaa kwenye mchanga maji yakishakupwa. Na kuna kipimo cha damu cha kingamwili. Kwa hivi viwili vya choo sampuli iwe mbichi, usiiweke kwenye friji hata kama ukiona unafanya vizuri, baridi inavilaza na kuviua. Pia hesabu ya damu kamili, FBP, waangalie chembe za eosinofili, zikipanda ni dalili ya minyoo inayopita kwenye nyama za mwili, ila kwa mtu wa predinisoloni zinaweza kuwa chini kabisa na mnyoo yupo, kwaiyo zikiwa chini usifurahi.

Anza hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, mwambie daktari neno kwa neno: mama ana miaka kadhaa, amekulia shamba, anatumia predinisoloni muda mrefu, naomba atafutwe strongiloidi. Wakikwambia kipimo hawana, uliza wanaweza kupeleka sampuli wapi, mkoa wetu una vituo viwili vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, cha Tanga mjini na cha Amani kule Muheza, hawa watu wa minyoo wanaijua, daktari anaweza kuwasiliana nao. Na ikishindikana kabisa, daktari anaweza kuamua kumtibu kwa tahadhari bila kusubiri karatasi, dawa yake ni ivamektini, inapimwa kwa uzito. Umuulize pia bibi kama alikunywa zile dawa za matende na mabusha zilizowahi kugawiwa mitaani, maana ndani yake ivamektini ilikuwemo, na wapo wazee wengi waliozificha chini ya ulimi wakazitema mgawaji alipogeuka. Ni lini na alimeza kweli, daktari atataka kujua.

Na predinisoloni asiiache ghafla, tafadhali sana. Mwili ukishaizoea ukikata kwa mara moja anaweza kuanguka, na pumu ikarudi kwa hasira. Aendelee kama alivyo mpaka daktari aseme.

Kwaiyo kesho asubuhi usimchukue binti peke yake. Mchukue na bibi, mwambie unamsindikiza mjukuu akubali kupanda bajaji, mkifika mpeane makopo wote wawili. Majibu yakitoka niandikie, anza na ya bibi.